Mwaka wa Kengele Katika Sauti ya Tatu

"Kwa hiyo mimi ni gunia la viazi?" Kengele aliuliza, mikono kiunoni. "Nanyanyuliwa huku, natupwa kule, hata kuulizwa siulizwi?"

"Hakuna aliyekutupa, mama," alisema mwalimu wa kwaya.

"Umenihamisha."

"Nimekuomba usogee kidogo."

"Kutoka sauti ya kwanza hadi sauti ya tatu ndiyo kidogo? Kule si kwa wanaume? Nimezaa watoto wanne mimi, mwalimu, na wote wananiita mama. Leo nikasimame na madume nikinguruma kama lori linalopanda mlima?"

Wale wa besi wakacheka. Mmoja wao, seremala mwenye kifua kama mlango wa ghala, akasema, "Karibu shemeji, huku kwetu kuna joto."

"Nyamaza wewe, mtengeneza majeneza. Kwako nitakuja siku nikifa, si kabla."

Ilikuwa jioni ya mazoezi, na mwaka wa kanisa ulikuwa karibu kuanza. Walutheri mwaka wao wa kanisa hausubiri Januari. Unaanza na Majilio, wiki chache kabla ya Krismasi, na kwaya ndiyo huwa ya kwanza kuujua, kwa sababu ndiyo inayohangaika. Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya kanisa, kimejaa mabenchi yaliyokatika migongo, fagio mbili, kinanda chenye vibonye viwili vilivyokataa kulia, na kabati kubwa la majoho. Ufunguo wa kabati hilo ulining'inia shingoni mwa Kengele, kwenye kamba ya kiatu.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye cheti cha ubatizo na kusahauliwa huko huko. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mahali ambapo mashine zinalia kutwa na mvuke unapiga kelele kama una ugomvi na mtu. Huko ukitaka kumwambia mwenzako "lete ndoo", lazima upige ukelele kana kwamba ndoo inaungua. Kengele akaizoea sauti ile, akaenda nayo nyumbani, sokoni, na hatimaye kanisani. Alisimama sauti ya kwanza, mstari wa mbele, mwisho kabisa wa kulia, karibu na dirisha. Akianzisha wimbo, waliokuwa bado njiani walijua wamechelewa na wakakunja sketi wakimbie.

Mwalimu wa kwaya naye alikuwa mfamasia wa hospitali hiyo hiyo. Mtu mwembamba, msafi, aliyezungumza kama anahesabu vidonge. Hata muziki aliufundisha hivyo hivyo. "Ubeti wa pili, punguzeni. Nusu tu. Mkizidisha mtawadhuru watu." Kengele alimheshimu, ila kati yao kulikuwa na mche wa sabuni.

Sabuni yenyewe ilikuwa hivi. Kwaya ile haikutoza faini ya pesa. Walijaribu zamani wakagombana hadi mweka hazina akahama usharika. Basi wakakubaliana: atakayechelewa mazoezi ataleta mche mmoja wa sabuni wa kufulia majoho, na mkusanyaji ni Kengele, kwa kuwa ndiye mfuaji. Hakuwa na huruma hata kidogo. Siku moja dereva wa gari la wagonjwa, ambaye aliimba sauti ya tatu, alifika jasho likimtiririka. Alikuwa amempeleka mzazi hospitalini.

"Mtoto amezaliwa salama?" Kengele aliuliza.

"Salama kabisa, mama. Wa kiume."

"Mungu ashukuriwe. Sabuni iko wapi?"

Dereva akalipa. Wote walilipa, isipokuwa mwalimu. Naye alichelewa siku moja tu, mazoezi ya Sikukuu ya Matengenezo, ile ya Walutheri ya mwisho wa Oktoba, watu wakamsubiri hadi wakaanza kusinzia. Alipoulizwa sabuni alifuta miwani yake akasema, "Mazoezi huanza mwalimu anapofika. Kwa hiyo mimi sikuchelewa. Ninyi ndio mliowahi."

Neno hilo lilimkaa Kengele kama mwiba wa samaki kooni. Na sasa mtu huyo huyo mwenye deni anamwambia asogee!

"Lipa sabuni kwanza," alisema, "ndipo unihamishe."

"Mambo mawili tofauti hayo. Sauti ya tatu ina watu wawili, dereva na kinyozi. Dereva hana uhakika wa kuwepo, kinyozi ana mafua tangu mwaka juzi. Tuna upungufu."

Kinyozi akavuta makamasi kuthibitisha.

Kelele zilipozidi, mchungaji akatoka ofisini kwake, kalamu sikioni, akasikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu. "Mwaka mmoja, dada. Majilio hadi Majilio. Ukiona hapakufai, unarudi mahali pako pale dirishani, na hakuna atakayefungua mdomo kukupinga."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mashahidi hawa wote."

Kengele akakubali, lakini kabla hajavuka kwenda upande wa wanaume alimgeukia binti mmoja nesi, mgeni katika kwaya, ambaye ndiye alikuwa amepewa nafasi yake. "Usipazoee hapo, mwanangu. Simama kama mtu anayemshikia mwenzake foleni."

"Sawa, mama," alisema nesi, na masikini akawa anasimama upandeupande mwaka mzima.

Krismasi ikafika. Kengele alikuwa ameisoma sauti ya tatu kwa do-re-mi hadi akaiota, lakini koo lina kichwa chake. Wimbo ulipofika kwenye kilele, pale sauti ya kwanza inapopanda, miguu yake yenyewe ilijinyanyua kwenye vidole, naye akapanda nayo. Hilo lingevumilika. Balaa ni kwamba dereva na kinyozi walikuwa wameamua tangu mwanzo kwamba huyu mama ndiye anayejua njia, hivyo wakamfuata kama vifaranga vya bata. Kinyozi alipofika juu kule alitoa sauti ambayo wateja wake ndio hutoa anapowakata sikio.

"Leo tulikuwa na sauti ya kwanza mara mbili," mwalimu alisema baada ya ibada, akivua joho, "na sauti ya tatu haikuwepo kabisa. Nadhani ilikwenda kuwaangalia wachungaji kondeni."

Watu wakacheka. Kengele akalikunja joho lake pole pole, akilitazama lile la mwalimu.

Juma lililofuata makoti meupe ya dawani yakaletwa kufuliwa, kama kawaida. La mwalimu Kengele alilifua kwa mkono wake mwenyewe, akalitia wanga, akalikausha, akalitia wanga tena, akalipiga pasi hadi likasimama peke yake sakafuni. Mfamasia akalivaa. Siku ile alihudumia wagonjwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya kabati, mikono ikitokea pembeni, shingo haigeuki. Mgonjwa akimwita kutoka kushoto, ilibidi ageuke mwili mzima. Lakini hakulalamika. Jioni alipita chumba cha kufulia akasema tu, "Asante mama, limetakata."

"Karibu," akajibu Kengele. Moyoni alikereka zaidi. Mtu asiyelalamika ukigombana naye hupati raha yoyote.

Baada ya hapo kukatulia kidogo, kwa sababu ya wimbo wa Pasaka. Mwalimu alileta wimbo mpya, na wimbo huo ulianza na sauti ya tatu peke yake. Kinanda kimya, besi kimya, wanawake kimya. Sauti ya tatu inasimama kama mtu aliyefika kaburini alfajiri kabla ya wenzake, inatamka "Haleluya" moja ndefu, ndipo wengine wanaingia. Kengele alipoona hivyo kwenye karatasi akauliza, "Peke yetu?"

"Peke yenu."

"Hao wa sauti ya kwanza?"

"Wanawasubiri ninyi."

Kuanzia siku hiyo mashine za hospitali zilisikia Haleluya kila zilipopumzika. Mashuka ya wodi tatu yalifuliwa kwa Haleluya. Dereva na kinyozi wakaitwa kwa mazoezi ya ziada barazani kwa kinyozi, na mteja mmoja akanyolewa upande mmoja hadi walipofika mwisho wa mstari.

Sasa, msomaji ajue jambo moja. Katika usharika ule, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi asubuhi ya Pasaka, neno Haleluya haliimbwi. Ni Kwaresma, watu wanatafakari mateso. Madhabahu inavikwa kitambaa cha zambarau, na Haleluya inawekwa kando kama nguo ya harusi wakati wa msiba. Hata mtoto wa shule ya Jumapili analijua hilo. Na kwaya ililijua. Lakini kwaya hiyo hiyo inayokatazwa kuliimba kanisani siku ya Jumapili inalazimika kulifanyia mazoezi wiki nzima chumba cha nyuma, la sivyo Pasaka itawakuta hawajui kitu. Hapo ndipo shetani alipopata upenyo.

Ilikuwa Jumapili ya katikati ya Kwaresma. Mchungaji alikuwa amemaliza mahubiri mazito juu ya kunyamaza. Kwaya ikasimama kuimba wimbo wa toba, ule unaoanza wote kwa pamoja, taratibu, chini. Mwalimu alikuwa na karatasi mbili mbele yake, ya toba na ya Pasaka. Akainama, akaangalia, akawapa noti za kuanzia kwa kuzivumisha: besi, pili, kwanza, na mwisho sauti ya tatu. Zilikuwa noti za Pasaka.

Kengele alipoisikia noti yake, kifua kikajaa chenyewe. Kilikuwa kimezoezwa hivyo kwa wiki nyingi. Mkono wa mwalimu ulikuwa ndiyo kwanza unapanda.

"HA-LE-LUUU-YA!"

Vifaranga wakafuata. Kwa mara ya kwanza tangu mafua yake yaanze, kinyozi alikuwa na pua safi, na sauti yake ikatoka kama tarumbeta. Haleluya ikapanda hadi kwenye mabati, ikagonga, ikarudi. Kitambaa cha zambarau kilikuwa pale pale kinawatazama. Bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyekuwa amesinzia tangu tangazo la pili, akazinduka akauliza kwa sauti, "Kumbe Pasaka imeshafika?"

Mchungaji alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Wengine walisema analia, wengine walisema mabega yale hayakuwa ya mtu anayelia.

Chumba cha nyuma, baada ya ibada, hakuna aliyetaka kuvua joho kwanza.

"Hukusubiri mkono wangu," mwalimu alisema. Alikuwa mwekundu wa macho.

"Ulinipa noti ya Pasaka."

"Noti ni noti. Maneno yako mbele yako kwenye karatasi. Karatasi imeandikwa Bwana uturehemu. Ulisoma Haleluya wapi?"

"Mimi sikukosea, mwalimu," Kengele akasema, akaweka mikono kiunoni. "Mimi niliwahi tu. Na kwa mujibu wa faini zetu, ya kuchelewa ipo, ya kuwahi haipo."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Seremala ilibidi ashikilie kabati. Siku nyingine yoyote mwalimu naye angecheka, lakini siku ile wazee wa kanisa walikuwa wakimsubiri mlangoni, na aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Akasema, tena polepole, "Mtu asiyejua majira ya kanisa akae pembeni hadi ayajue."

Kicheko kikakatika.

 Kengele alivua ile kamba ya kiatu shingoni, akauweka ufunguo wa kabati juu ya kinanda, kwenye vibonye vile visivyolia, akatoka.

Hakurudi Jumapili iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo. Alikwenda ibadani, alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, akaimba nyimbo za kitabuni kwa sauti ya chini mno hivi kwamba watu walidhani ni mgonjwa. Wajumbe wakatumwa. Nesi alikuja na matunda. Seremala alikuja akasema, "Shemeji, sauti ya tatu sasa ni meza ya miguu miwili. Tukiiegemea tunaanguka."

"Si ina miguu miwili? Mwambie mwalimu aigongee mwingine. Wewe si seremala?"

Ndani ya moyo wake alikuwa ameshakata shauri. Majilio haitamkuta. Harudi sauti ya tatu, harudi ya kwanza, harudi popote. Alisema hivyo kwa mumewe jioni moja, akikunja nguo kitandani, mlango wa sebuleni ukiwa wazi.

Mumewe alikuwa fundi redio. Sebule yao nusu ilikuwa sebule, nusu karakana, na ukitaka kukaa kwenye kochi uliondoa spika kwanza. Mtu wa maneno machache. Kengele alikuwa akisema redio pekee ambayo fundi huyo hajawahi kuifungua ni yeye mwenyewe fundi. Yeye ndiye aliyetengeneza vipaza sauti vya kanisa, na kila Krismasi alirekodi ibada. Jioni ile alikuwa anajaribu spika ya mteja, akaweka alichokikuta karibu. Kwaya ikasikika.

"Hiyo ni ya lini?" Kengele aliuliza kutoka chumbani.

"Krismasi ya mwaka juzi."

"Ah, tulipokuwa tunaimba kweli." Akaja mlangoni na shuka mkononi, akasimama kusikiliza, akitikisa kichwa kwa raha. Wimbo ukapanda. Kwenye kilele akakunja uso. "Huyo nani anayelia kama bawaba isiyotiwa mafuta?"

Fundi akaendelea kupuliza risasi ya kuchomelea iliyokuwa inapoa kwenye waya. "Mmoja wa sauti ya kwanza."

"Nasikia kuwa ni wa sauti ya kwanza, mimi siyo kiziwi. Nani? Nesi alikuwa bado hajaja. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Bawaba ikalia tena, mahali pale pale, kwa nguvu ile ile, na kujiamini kwingi.

"Jamani! Na anavyojipa moyo! Kipaza sauti ulikiweka upande gani?"

Mumewe akaweka chini kile chuma cha kuchomelea. "Dirishani."

Shuka likashuka polepole hadi sakafuni. Kengele akaondoa spika kwenye kochi, akakaa.

"Tangu lini?" aliuliza baadaye.

"Miaka michache."

"Ndiyo maana ulikuwa ukiniletea asali ya koo."

"Mm."

"Na hukusema."

"Nilitaka kuendelea kula, mama watoto."

Angemrushia kitu, lakini vyote vilivyokuwa karibu vilikuwa vya wateja. "Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu alikuja hapa kabla ya Majilio. Akasikiliza hiyo hiyo. Akakaa hapo ulipokaa. Akasema anatafuta namna."

"Namna ya nini?"

"Namna ya kutosema."

Kesho yake asubuhi Kengele aliacha mashine zikizunguka, akaenda dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Alipanga foleni kama mgonjwa, akafika mbele, akaegemea kile kidirisha.

"Cheti," alisema mfamasia bila kuinua macho. Kisha akainua. "Oh. Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Unajua."

Mfamasia akachukua chupa moja, akaisoma, akairudisha ilipokuwa. "Nilikuambia tuna upungufu sauti ya tatu. Huo ulikuwa ukweli."

"Nusu."

"Nusu dozi. Nzima ingekudhuru."

Nyuma, mzee mwenye bandeji mguuni akasema, "Mama, kama huna cheti tupishe, wengine tunaumwa."

"Na mimi naumwa, baba, subiri." Akageukia kidirisha. "Noti siku ile ulikosea wewe."

"Nilikosea mimi. Karatasi zilipandana." Akashusha sauti. "Na lile neno la kukaa pembeni..."

"Sikulisikia. Nilikuwa natoka."

"Ulikuwa umesimama mbele yangu, mama."

"Nilikuwa natoka moyoni." Akanyoosha mkono kidirishani, kiganja juu. "Lete ufunguo wangu. Majoho yamekaa kabatini wiki zote hizi, yatakuwa yananuka kama soksi za seremala."

Ufunguo ulikuwa ndani ya mfuko wa lile koti, umefungwa ndani ya karatasi ya vidonge. Akampa.

"Na sabuni?" aliuliza Kengele.

"Sabuni ni jambo lingine," alisema mfamasia. "Anayefuata!"

Asubuhi ya Pasaka kitambaa cha zambarau kilikuwa kimeondoka, na cheupe kilikuwa kimepigwa pasi na mtu anayejua kazi yake. Mchungaji aliwapita akiingia, akamnong'oneza Kengele, "Leo ruksa." Kwaya ikasimama. Noti zikatolewa. Mkono wa mwalimu ukapanda, ukakaa hewani. Kengele akausubiri. Dereva na kinyozi wakamwangalia yeye, nao wakasubiri. Mkono ukaendelea kukaa, ukakaa kupita kiasi, hadi watu wa mabenchi ya mbele wakaanza kukohoa, naye akaelewa kwamba mwalimu anamtania. Akamkazia macho. Mkono ukashuka.

Hakupiga ukelele. Huko chini hakukuwa na haja. Sauti ilitoka nene, laini, kama blanketi linalotolewa kwenye mashine ya kukaushia likiwa bado na joto, na wale wawili wakajifunika ndani yake. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa bado na pumzi. Aliishangaa pumzi ile. Miaka kadhaa alikuwa akiufikia mwisho wa mstari kama mtu anayekimbilia basi. Kisha wanawake wakaingia juu, nesi akapanda kile kilele bila kulia kama mlango, na Kengele miguu yake ikabaki chini, yote miwili.

Kuanzia hapo hakukukalika naye. Kufikia Pentekoste alikuwa amejifanya mkuu wa sauti ya tatu, akawa anawasema wa sauti ya kwanza kama mtu aliyehama mtaa. "Wale wa juu kazi yao kupamba tu. Nyumba tunaishikilia sisi." Kinyozi alifukizwa kwa mvuke wa majani hadi mafua yakamhama. Dereva aliambiwa kwamba akipata mgonjwa siku ya mazoezi amwombe avumilie kidogo. Kwenye mazishi ya yule bibi wa benchi la mbele, ambaye safari hii aliimbiwa Haleluya katika majira yake, seremala alimwambia, "Shemeji, ukisimama karibu nami besi inapata mahali pa kukaa." Kengele akamwambia asimame mbali, ananuka vanishi. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama pale pale.

Sikukuu ya Matengenezo ikapita. Majilio ikakaribia tena. Jioni ya mazoezi, mchungaji akatoka ofisini, kalamu sikioni.

"Dada, mwaka umekwisha. Niliahidi mbele ya mashahidi. Unarudi dirishani au unabaki?"

 Nesi, bila kuambiwa, akakusanya karatasi zake na kusogea, pale mwisho wa mstari pakabaki wazi. Mwalimu alikuwa anapangusa miwani ambayo ilikuwa safi tayari. Angeweza kusema kitu, kila aliyekuwepo alitegemea aseme kitu. Alipangusa tu.

Kengele akapatazama. Palikuwa pazuri. Mwanga wa jioni uliingia pale kuliko mahali pengine, na ukisimama hapo kanisa zima linakuona. Alikuwa akisimama hapo tangu mtoto wake wa pili akiwa mgongoni. Alikwenda hadi pale, akasimama, wote wakamwona amesimama. Kinyozi akawa kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inauzwa.

Kengele akalishika lile dirisha, akalivuta, likafunga.

"Hapa pana baridi," alisema. "Nesi, mwanangu, kuanzia leo njoo na sweta. Na simama wima, umekuwa ukikaa upande kama picha iliyoning'inizwa vibaya." Akavuka chumba hadi kwa wanaume. "Haya, mwalimu, toa noti. Hawa wawili nikiwaacha nitawaachia nani?"

Kila mtu alingoja adai sabuni, maana ndio ulikuwa wakati wake, na shahidi mkubwa alikuwa amesimama pale na kalamu sikioni. Hakuidai.

Siku iliyofuata makoti ya dawani yalikuja kufuliwa. Safari hii mfamasia alilileta lake mwenyewe, akaliweka juu ya meza ya chuma, akageuka aende. Kengele kila koti lazima aingize mkono mfukoni kabla ya kulitia majini, maana ameshafua kalamu nyingi. Ila hili hakuhitaji kuingiza mkono. Kitu kirefu kilichomoza mfukoni, cha bluu, kimefungwa kwa karatasi ya dawa na kamba.

"Umesahau kitu mfukoni!" alipaza sauti kushinda mashine.

"Sikusahau!"

Akakifungua. Ulikuwa mche mzima wa sabuni. Juu ya karatasi, kwa mwandiko wa mfamasia, ule ambao wagonjwa hawausomi ila Kengele alikuwa ameshauzoea, palikuwa na maneno matatu: *Kutwa mara moja.*

Alichukua waya wa kukatia sabuni, akaukata mche katikati, nusu akaitupa kwenye beseni la majoho. Nusu nyingine akaifunga tena ndani ya karatasi ile ile na kumsukumia mkononi.

"Hii ya nini?" mfamasia aliuliza. "Faini si mche mzima?"

"Kwako ni nusu dozi," alisema Kengele. "Nenda zako, wagonjwa wanakusubiri. Koti njoo Jumatano. Na safari hii silitii wanga."